Wembe Uliokataa Kupata

Nilifika Miburani wanaume wakiwa wamesharudi kutoka makaburini. Boti ilichelewa kuondoka bara, na kijana wa bodaboda aliyenichukua Kilindoni alikwenda mbio kwa ajili yangu, maskini, lakini mbio zake hazikunifaa kitu. Shangazi Sauda alikuwa ameshafukiwa. Nikakaa mkekani na wanawake wenzangu, nikalia, nikala wali na maharage yaliyoungua kidogo chini kama yanavyoungua matangani pote. Watu walipoanza kupungua, binti yake, Salma, akaniita chumbani, akatoa chini ya mto kitu kilichofungwa kwa kipande cha kanga. Sikuhitaji kukifungua, maana uzito ule mkono wangu uliujua. "Mama alisema hiki ni chako, dada," akaniambia. "Na kuna maneno yake pia, lakini ngoja kwanza nimalizane na hawa wa vyombo." Akatoka. Nikakunjua wembe wa babu, mpini wa pembe ule ule wenye ufa, na kwa mazoea nikaupitisha juu ya nywele za mkono wangu. Zikaanguka. Nasema kweli, niliogopa. Hewa ya Mafia ina chumvi. Inakula misumari, inakula bawaba za milango. Wembe usioguswa miaka yote hii ungekuwa kutu tupu, na huu ulikuwa unapata kuliko nilivyouacha.

Mwaka nilipokutana na wembe huo nilikuwa msichana aliyemaliza shule juzi, asiyejua aifanyie nini mikono yake. Bibi Mwanahawa alikuwa amefariki, babu amebaki peke yake, na ikaonekana mimi ndiye nisiye na shughuli. Nikaletwa. Nyumba ndiyo hii hii: ukumbi mwembamba, chumba cha babu mkono wa kushoto, na uani jiko la makuti karibu na kisima. Chumbani palikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la bibi, kioo kilichoota madoa, na mlangoni, kwenye mwimo, msumari mkubwa ulioning'iniza mkanda wa ngozi wa kunolea wembe, mpana kama kiganja, mweusi kwa mafuta. Chini yake kulikuwa na kigoda. "Hicho usikikalie, ni cha bibi yako," Shangazi Sauda aliniambia siku ya kwanza. Shangazi alikuwa mtoto wa mwisho wa babu, nyumba yake ya pili kutoka hapa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha hata anapokukaribisha chai. Akanieleza kazi zangu: uji asubuhi, maji ya kuoga yawe vuguvugu, na kila Alhamisi alasiri kumnyoa babu kichwa kwa ajili ya Ijumaa, kwa sababu mkono wake mwenyewe ulitetemeka na miaka yote alinyolewa na bibi. Kisha akashusha sauti. "Tangu mazishi hajanyolewa. Mama amefariki yeye yuko Bwejuu arusini kwa rafiki yake. Akarudi na kofia kichwani, akakaa nayo matanga mazima, hata kulala hakuivua. Sijui ana nini."

Babu Kombo mwenyewe hakuwa mtu wa kuogopesha. Nilipomwamkia, "Shikamoo babu," akaitika, "Marahaba, mke wangu. Wamekuleta uniue au unilishe?" Ndivyo ilivyo kwetu, babu na mjukuu wa kike ni watani, na mimi utani niliuweza. Lakini Alhamisi ya kwanza, nilipomwomba avue kofia, alisita mpaka maji yakapoa. Alipoivua nikaona nywele zimeota kwa namna ya ajabu, upande wa kulia fupi kama za mtoto mchanga, upande wa kushoto ndefu, kama shamba lililopaliliwa nusu mwenye jembe akaitwa. Sikuuliza. Nikampaka povu, nikashika wembe. Haukunyoa, ulivuta. Kila nilipoupitisha babu alikunja vidole vya miguu, na nilipofika kisogoni damu ikachuruzika mpaka shingoni. Mvuvi mmoja jirani, aliyekuja kuomba moto wa sigara, akachungulia, akashika kichwa chake mwenyewe. "Mwenzako akinyolewa wewe tia maji, lakini kwa wembe huu mie sitii, nakimbia!" Babu akacheka na damu yake. Kisha jirani alipoondoka, uso ukamtulia, akasema bila utani wowote: "Si kosa lako. Bibi yako amesusa. Hataki mtu mwingine anishike kichwa."

Sikuamini, au niseme sikutaka kuamini, kwa sababu usiku nililala ukuta mmoja na kile chumba. Nikaamua ni kazi ya mikono, na kazi ya mikono ina sababu zake. Nikaanza na kinoo, lile jiwe la kunolea. Nilipoliweka usawa wa jicho nikaona katikati limebonyea, limejaa mikwaruzo: siku za matanga wachinjaji walikuwa wamelinolea visu na mapanga. Jiwe lililobonyea haliwezi kunoa wembe, linagusa ncha na kisigino tu, katikati linapaacha. Nikamwaga mchanga na maji kwenye kizingiti cha saruji, nikalisugua jiwe kifudifudi mpaka mabega yakawaka moto na uso wake ukawa sawa kama meza. Bado wembe haukupata. Babu alikuwa amelala, au nilidhani amelala, akasema kutoka chumbani: "Mke wangu, unanoa wembe au unaparua samaki?" Nikamwuliza anajuaje. "Nasikia. Unaunyanyua mgongo kama kisu cha jikoni. Ulaze wote, mgongo na makali viguse jiwe pamoja, uende makali mbele, ugeuze juu ya mgongo wake, urudi." Nikaulaza. Sauti ya jiwe ikabadilika, ikawa laini, na hapo nikajua kwamba mtu huyu miaka yote alimsikiliza mkewe akinoa kama watu wengine wanavyosikiliza redio.

Baada ya jiwe nikashughulikia mkanda. Ngozi ilikuwa imekauka kwa kukaa bila kuguswa, ina unga wa chumvi na chembe za mchanga. Nikaufuta kwa kitambaa cha maji, nikauanika kivulini, nikaupaka mafuta ya nazi kidogo kidogo mpaka ukalainika. Nikajifunza kuukaza, kwa sababu mkanda uliolegea unaviringisha makali. Na nikajifunza kwamba kwenye mkanda wembe huenda kinyume na kwenye jiwe, mgongo unatangulia na makali yanafuata. Ukitanguliza makali unakata ngozi na unayapinda makali yenyewe. Jumamosi ile nywele za mkono wangu zilianguka zenyewe. Nikaufuta wembe, nikaupaka mafuta usipate kutu, nikaukunja na kuuweka juu ya sanduku. Nikapika samaki wa kupaka kwa furaha, nikatia ndimu mpaka babu akafumba jicho moja. "Kinolewacho hupata," nikamwambia kwa kiburi. Akanitazama tu, akaendelea kutoa miiba. Alhamisi nikakunjua wembe, ukavuta. Ukamtoa damu pale pale kisogoni.

Nikanoa tena, na Alhamisi iliyofuata ikawa vile vile. Shangazi Sauda akaleta viwembe vya dukani, akaviweka mezani. "Mnyoe na hivi, ule utie sandukuni. Kitu cha marehemu kikikataa, kinakataa." Babu akavisukuma kwa kidole mpaka vikaanguka chini. Na tangu wiki ya damu ya kwanza hakwenda tena Ijumaa. Aliketi barazani kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, waliopita wakienda msikitini wakamsalimu, akawaitika bila kuinua uso. Chakula alikigusa tu. Nilimwona akipungua, na ndipo nikaelewa kwamba sikuwa nikitafuta makali tu. Mzee alikuwa anakwenda zake, na wembe ule ulikuwa na neno katika safari hiyo.

Kisha nikaisikia sauti. Ilikuwa alasiri, niko uani juu ya mbuzi nakuna nazi, jua kali, kuku wamejilaza kwenye vumbi. Kutoka chumbani ikaja: fyaa, fyaa, fyaa, ngozi na chuma, polepole, kisha kimya kifupi, kisha pa, pa. Ile pa, pa niliijua tangu utotoni. Bibi Mwanahawa alipomaliza kupitisha wembe alikuwa akiupiga mkanda kwa ubapa mara mbili, na hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kumwita mumewe aje akae. Babu, popote alipo, angeitika, "Naam." Nazi ikanitoka mkononi. Nilikwenda ukumbini, nikachungulia: babu amelala kitandani ameelekea ukutani, wembe uko juu ya sanduku umekunjwa, kigoda ni kitupu. Na mkanda unaning'inia kwenye msumari wake, unacheza. Hakukuwa na upepo. Nikarudi uani nikakaa na mgongo wangu ukutani mpaka magharibi, tui halikukamuliwa siku ile, tukala muhogo mkavu kwa chai.

Niliisikia tena siku nyingine, na nyingine. Siwezi kusema hofu iliisha, ila ilichoka. Asubuhi moja, wakati babu yuko kisimani akitawadha, nikauteremsha mkanda na kuupeleka kwenye mwanga. Ulikuwa na mikato mipya, mifupi mifupi, imekaa mshazari, yote upande wa chini. Nikaurudisha msumarini, nikakaa juu ya kigoda, nikanyoosha mkono, mikato haikulingana na mkono wangu. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikauvuta mkanda kwangu, na mkono wangu ukaangukia pale pale penye mikato. Alasiri yake sikukuna nazi. Nilisimama ukumbini, nyuma ya pazia, nikamwona. Babu aliketi ukingoni mwa kitanda amefumba macho, mkanda ameubana kwa goti, na kwa mkono ule uliotetemeka alikuwa akiupitisha wembe makali mbele, kinyume kabisa, kila pigo likiikata ngozi na kuyapinda makali niliyoyahangaikia. Yeye aliyejua kwa sikio kila kosa langu hakusikia kosa lake, au alilisikia na hakujali. Alikuwa akitafuta sauti. Alipofika mwisho akapiga pa, pa. Kisha, kwa sauti ya chini ya mtu aliyeitwa, akaitika mwenyewe: "Naam."

Kumnyang'anya mkanda lilikuwa jambo jepesi. Ningeuficha, wembe ungepata, na babu angebaki na chumba kitupu. Sikuweza. Nilichofanya hakikuwa na mpango mkubwa: siku iliyofuata, kabla ya saa yake, niliingia bila kusema neno, nikakaa juu ya kigoda nilichokatazwa, nikauvuta mkanda, nikaanza. Mgongo mbele, polepole, kama alivyofanya bibi. Babu alikuwa ameelekea ukutani. Nikaona bega lake likilegea. Sikupiga lile pa, pa. Nilimaliza, nikaukunja wembe, nikatoka. Ikawa ndiyo kazi yangu ya kila alasiri, na tangu hapo hakuugusa tena wembe. Baada ya siku chache akaanza kusema. Alisema na ukuta, kuhusu mambo madogo: kuku aliyeibwa, bei ya dagaa, rafiki yake wa Bwejuu ambaye arusini alicheza ngoma mpaka akashikwa kiuno. Aliyaanza yote kwa jina moja, "Mwana," kifupi cha Mwanahawa, na hilo halikuwa jina langu. Ningeweza kukohoa. Ningeweza kusema, babu, ni mimi, Rukia. Nilikaa na kuendelea. Ni jambo la kutisha, kukaa hai mahali pa mtu mwingine na kuona panakuenea.

Alhamisi moja akasema: "Mwana, nilikwambia mkono wako umezeeka." Nikasikia kitanda kikilia, lakini hakugeuka. "Uliniparua kidogo tu, nami nikasema neno lile. Ukaukunja wembe, hukunijibu. Nikavaa kofia juu ya kichwa nusu, nikaenda zangu arusini kwa watu. Nikasema nitamkuta. Niliporudi umeshafunikwa shuka." Akavuta pumzi. "Hatukutakana radhi, Mwana. Wewe ndiye ungeanza kuondoka, nani alijua? Niwie radhi." Hapo mkono wangu ulisimama. Kwetu sisi mke na mume hutakana radhi kabla ya safari ile, na asiyeipata hubaki na deni hilo shingoni. Kila mtoto wa Kiislamu wa kisiwa hiki analijua hilo kabla hajajua kusoma. Nikaelewa kofia, nikaelewa nywele za nusu. Nikaelewa pia kwamba ninaulizwa swali lisilo langu, na kwamba nikinyamaza atalichukua kuwa ndilo jibu. Sauti yangu isingefaa, ilikuwa ya msichana. "Mwana," akasema tena, na safari hii alikuwa analia. Nikaugeuza wembe ubapa nikaupiga mkanda. Pa. Pa. Sikumbuki kuamua.

"Naam," babu akaitika. Kisha, "Alhamdulillahi." Akainuka, akavua kofia, akaja akakaa sakafuni mbele yangu, akainamisha kichwa. Nikampaka povu, nikamnyoa. Wembe ulikwenda kama unateleza juu ya maji, kulia, kushoto, mpaka kisogoni, na haukumtoa hata tone.

Nilipotoka na beseni nikamkuta Shangazi Sauda ukumbini, ameshika sahani ya mkate wa kumimina aliyoileta kwa chai. Akanifuata mpaka jikoni. "Umejibu kwa ruhusa ya nani?" akaniuliza. Nikamwambia babu alikuwa analia. "Analia kwa mkewe! Radhi ya maiti anayo maiti mwenyewe, wewe umeipata wapi ya kugawa? Umemdanganya baba yangu, atakwenda mbele ya Mungu na radhi ya kuazima." Midomo yake ilikuwa ikitetemeka. Nilidhani ni hasira, na miaka mingi niliendelea kudhani hivyo. Kesho yake babu alikwenda Ijumaa, kofia imekaa juu juu, akisalimia kila mtu kwa jina. Alikula. Akanichokoza. Sauti ya alasiri hakuitaka tena, na wembe, uliponolewa, ulikaa na makali yake mpaka Alhamisi kama wembe wowote wa watu.

Sasa niliweke hapa jambo ambalo shangazi hakutaka kulisikia. Miezi kadhaa baadaye, mvua zikiwa zimeanza, nilikuwa najiandaa kumnyoa babu chumbani. Nilipomaliza kuupitisha wembe nikapiga pa, pa, kwa mazoea tu, na yeye akakaa. Nikiwa nimeshika povu akasema, kwa sauti ile ile ya utani: "Una mkono mzuri, mke wangu. Ila pigo la pili bibi yako alikuwa akilipiga pole." Povu likanitonea mguuni. Nikamwita, "Babu?" Akasema, "Nyoa, mama, maji yanapoa." Hakuongeza neno, si siku ile wala nyingine, na kabla ya Ramadhani alifariki usingizini kichwa chake kikiwa safi. Kwenye matanga nilimfuata shangazi, nikamwambia, shangazi, babu alijua, alijua ni mimi. Akanikatiza kwa mkono. "Usinitulize." Baadaye nikaolewa bara. Tulipikiana kwenye arusi, tuliulizana hali kwa simu, nilimwamkia akaitika marahaba, lakini lile halikufunguliwa tena. Nimeyageuza maneno ya babu miaka yote hii. Kama alijua ni mimi, alimshukuru Mungu kwa kitu gani? Kuna siku najibu hivi, kuna siku vile, na zipo alasiri, nikiwa peke yangu na nyumba imetulia, ambapo naogopa kwamba mkono uliopiga haukuwa wangu.

Salma alirudi amefunga kanga kiunoni, mikono inanuka sabuni. Akakaa kwenye sanduku. "Baada ya babu, mama alihamia humu, unajua. Na huu wembe hakuuacha. Kila Alhamisi alasiri anaunoa, anaupitisha kwenye mkanda. Sisi watoto tulikatazwa kuingia. Akimaliza anaupiga mkanda mara mbili, halafu anasikiliza." Akanitazama kuona kama ninaelewa. "Nilimwuliza siku moja anasikiliza nini. Akasema siku mama yake anafariki, ndiye aliyekuwa naye, na mama yake alimwita kutoka chumbani. Yeye alikuwa kwenye chapati, akasema nakuja. Hakwenda mpaka chapati zikaisha." Akafuta pua kwa ncha ya kanga. "Juzi akaniambia: akija Rukia mpe wembe. Mwambie nilikuwa namwonea wivu baba. Mwambie anipigie na mimi, yeye anajua kujibu."

Akatoka, kwa sababu kuna mtu alimwita uani kuhusu sufuria. Nikabaki na chumba. Kioo kilikuwepo, madoa yamekimaliza. Msumari ulikuwepo, na mkanda, mpya, sijui wa miaka mingapi, mweusi katikati kwa mafuta. Nikakaa kwenye kigoda, magoti yakalalamika. Nikaukaza mkanda, nikaupitisha wembe polepole, mgongo mbele, ingawa haukuhitaji. Niliwaza nitakayoambiwa: kwamba radhi ya maiti anayo maiti, kwamba si yangu kuigawa. Shangazi yangu aliyasema hayo, na alikaa humu Alhamisi za maisha yake yote akipiga mlango usiofunguliwa. Nilikuwa nikilia. Nikaugeuza wembe ubapa. Nikapiga la kwanza, na la pili nikalipiga pole.

Kutoka uani, kwa sauti iliyokuwa ya mama yake kabisa, Salma akaitika, "Abee!"

"Si wewe, mdogo wangu," nikamwambia. "Sikukuita wewe."